Nusu ya tezi ya shingo imetolewa: uanze vidonge sasa, au usubiri kipimo?

Aliyetolewa upande mmoja wa tezi ya shingo akabakiziwa wa pili hurudi nyumbani, awe wa Nyakato, Sengerema au Nansio, akakuta kila mtu ana jibu la swali lake. Jirani aliyetolewa tezi yote anamwambia vidonge vya homoni ni vya maisha, ukivikosa wiki kadhaa unaishiwa nguvu. Mwingine aliyetolewa nusu miaka sita iliyopita hajawahi kumeza hata kimoja na yuko salama. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anasimulia shingo yake.

Hapa tunalinganisha njia mbili anazowekewa mgonjwa mbele: kuanza vidonge vya levothairoksini, ndivyo hivyo vya homoni, mara baada ya upasuaji, au kusubiri hadi wiki ya 6 mpaka ya 8, upime kwenye damu TSH, homoni inayoihimiza tezi ifanye kazi, ndipo muamue na daktari. Kisha, kwa atakayekuwa anameza, tunalinganisha asubuhi na usiku. Msimamo wetu tunausema mapema: kama upande uliobaki ni mzima na TSH yako kabla ya upasuaji ilikuwa ya kawaida, subiri kipimo. Wapo wasiotakiwa kusubiri, nao wametajwa hapa chini.

Nusu inavyobeba kazi ya nzima

Tezi hii iko mbele ya koo, chini ya kikoromeo, ina pande mbili zilizoungana katikati kwa kipande chembamba. Hutengeneza homoni mbili, T4 kwa wingi na T3 kidogo. Sehemu kubwa ya T3 inayotumika mwilini hupatikana pale viungo vingine, ini likiwamo, vinapoibadilisha T4. Msimamizi wa kazi yote ni tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Homoni zikipungua kwenye damu, pituitari hutoa TSH nyingi kuihimiza tezi ya shingo. Zikizidi, hupunguza TSH.

Ndiyo maana TSH husomwa kinyume, na hapa watu wengi huteleza. Ukiambiwa "TSH yako imepanda" haina maana kwamba homoni zimezidi. Maana yake ubongo unaona homoni hazitoshi, unaisukuma tezi. Ukiambiwa TSH imeshuka sana, mara nyingi homoni zimezidi, au vidonge vimekuwa vingi. Wapo wanaoacha dawa wenyewe kwa kusikia "imepanda", na wakirudi mwezi wa pili wamevimba uso.

Upande mmoja ukiondolewa, TSH hupanda kidogo, na upande uliobaki huongeza kasi, pengine hata hukua kidogo. Kwa wengi hilo linatosha. Kati ya watu 5 waliotolewa nusu, takriban 1 ndiye ambaye nusu yake hushindwa kukidhi mahitaji ya mwili, na hata kati ya hao wengi huwa na upungufu mdogo unaoonekana kwenye majibu ya maabara kuliko mwilini. Waliobaki huendelea bila kidonge.

Kuhusu kwa nini wiki 6 na si wiki 1: T4 hukaa sana kwenye damu, inachukua siku 7 hivi kupungua nusu. Wiki moja baada ya upasuaji bado unatumia akiba iliyotengenezwa na tezi ikiwa nzima. Ukipima wiki ya 2 utapata majibu mazuri yanayokudanganya. Ukipima wiki ya 3 unaweza kuikuta TSH ikiwa njiani kupanda, usijue itaishia wapi. Wiki ya 6 hadi ya 8 akiba imeisha, na unachokiona ni kazi ya nusu peke yake.

Kusubiri: faida yake na inapoharibika

Anayesubiri hamezi kitu. Anapima TSH wiki ya 6 hadi ya 8, anarudia karibu na mwezi wa 6, kisha mwezi wa 12, halafu mara moja kwa mwaka. Wengi ambao nusu yao itashindwa hujulikana ndani ya mwaka wa kwanza, ndiyo maana vipimo vya mwanzo viko karibu karibu.

Faida kubwa ni kwamba unajua ukweli wa shingo yako. Hununui dawa usiyoihitaji, huhesabu masaa ya kula, na moyo wako haubebeshwi homoni za ziada.

Njia hii huharibika sehemu moja: mtu harudi. Kidonda kimepona, kovu limekuwa mstari, kazi imeanza, na tarehe ya kurudi inapita. Upungufu wa homoni nao haubishi hodi. Huja polepole, na dalili zake hufanana na mambo mengine tuliyoyazoea huku Kanda ya Ziwa. Uchovu unaitwa malaria. Weupe wa viganja unaitwa upungufu wa damu, na kweli vyote vinaweza kuwapo pamoja. Kufunga choo kunalaumiwa ugali wa udaga. Hedhi nzito, nywele kukatika, ngozi kukauka, uzito kupanda bila kula zaidi, sauti kuwa nzito na fikra kwenda taratibu huambiwa ni umri. Dalili inayotufanya tusimame ni baridi. Mama anayegeuza dagaa kwenye vichanja pale Mwaloni, Kirumba, saa saba mchana, jua limewaka, wenzake wamejifunga kanga kichwani kwa joto, yeye bado amevaa sweta. Huyo apime TSH, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha wadudu.

Kwa hiyo anayechagua kusubiri anachagua pia tarehe. Iandike kwenye simu siku unayoruhusiwa wodini, usisubiri kukumbushwa.

Kuanza mara moja: faida yake na inapoharibika

Anayeanza mara moja hupewa mara nyingi mikrogramu 50 kwa siku, au kiasi kinachokadiriwa kwa uzito wake. Faida ni kwamba hapiti kwenye kipindi cha uchovu wa kusubiri, kama kweli nusu yake ingeshindwa. Kwa yule ambaye kila dalili zinaonyesha itashindwa, hakuna sababu ya kumtesa wiki 8.

Kwa wengine wote kuna gharama tatu. Ya kwanza, ukiongeza homoni kwa mtu ambaye nusu yake inafanya kazi vizuri, pituitari itapunguza TSH, nayo nusu itapumzika. Majibu yatakuja mazuri na hutajua kama ni kazi ya tezi au ya kidonge. Ya pili, dozi ikizidi kidogo kwa muda mrefu, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hukatika. Kwa mwenye zaidi ya miaka 60 mapigo ya moyo yanaweza kupoteza mpangilio, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi mifupa hudhoofika. Ya tatu ni mfuko: dawa ni ya kila siku, na kipimo cha TSH kinabaki palepale, maana hata anayemeza hupima. Anayedhani kuanza vidonge kutampunguzia safari za hospitali amekosea hesabu.

Zamani madaktari wengi walitoa vidonge hivi kwa kila aliyetolewa nusu, wakilenga kushusha TSH ili uvimbe usiote upande wa pili. Siku hizi hilo halipendekezwi kama kawaida kwa uvimbe usio saratani. Ukikutana na mtu aliyepewa kwa sababu hiyo miaka mingi iliyopita, si kwamba alidanganywa. Ndivyo ilivyofanyika wakati ule. Anaweza kumuuliza daktari kama bado anazihitaji.

Kuna hofu moja tunataka kuiondoa: kwamba ukianza vidonge, nusu iliyobaki inakufa moja kwa moja. Hapana. Inapumzika. Daktari akitaka kujua kama inaweza kujitegemea, hupunguza au kusimamisha dozi na kupima TSH baada ya wiki 6. Kama ni nzima, huamka. Usifanye jaribio hilo mwenyewe, na usilifanye ukiwa mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo.

Wasiotakiwa kusubiri, na wanaotakiwa kupimwa mapema

Aliyekuwa anameza levothairoksini kabla ya upasuaji aendelee, na dozi iangaliwe upya. Aliyekuwa na TSH ya juu tayari kabla ya upasuaji, tezi yake ilikuwa inazidiwa ikiwa nzima, nusu haitaweza. Aliyebakiziwa vipande vidogo tu vya pande zote mbili, hata kama nyumbani wanaita "nusu", huyo si wa kusubiri. Tofauti hii iko kwenye karatasi ya upasuaji: muulize daktari ni upande upi umetolewa wote na umebaki kiasi gani.

Ambaye majibu ya kinyama, yaani tezi iliyotolewa na kupimwa maabara, yameonyesha saratani hufuata hesabu nyingine. Kwa saratani ndogo isiyosambaa, nusu peke yake inaweza kutosha bila upasuaji wa pili, lakini daktari anaweza kutaka TSH ikae chini ya 2, na mara nyingi hilo huhitaji kidonge. Usiamue lolote kabla majibu hayo hayajatoka.

Wapo wa katikati, ambao si lazima waanze lakini hatari yao ni kubwa: TSH ya kabla ya upasuaji ilikuwa juu ya 2, wana kingamwili zinazoshambulia tezi (kwenye karatasi huandikwa TPO), au majibu ya kinyama yametaja uvimbeuchungu wa seli nyeupe ndani ya tezi. Hawa wapime wiki ya 6, wasingoje ya 8, na wasiruke kipimo cha mwezi wa 6.

Aliyetolewa kinundu kilichokuwa kinazalisha homoni kupita kiasi anahitaji uangalifu wa pekee. Kwa muda mrefu TSH yake ilikuwa karibu na sifuri, na upande wa pili ulikuwa umelala kwa sababu hakuna aliyeuhimiza. Baada ya upasuaji pituitari yenyewe huchelewa kuamka, wakati mwingine kwa wiki kadhaa hadi miezi. Kipindi hicho TSH inaweza kuonekana ya chini, watu wakadhani homoni bado nyingi, kumbe T4 imekwisha. Huyu apimwe TSH pamoja na T4 huru, ile isiyoshikamana na protini za damu, asiamini TSH peke yake. Na kama alikuwa anameza kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, aulize siku ya kuruhusiwa kama aiache. Mara nyingi huachwa. Propranololi ya kutuliza moyo haikatwi ghafla, hupunguzwa.

Kusoma majibu

Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida cha TSH kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Kizio kinaweza kuandikwa mIU/L au µIU/mL; namba ni ileile, usibabaike. T4 huru ndiyo hubadilika: maabara moja huandika pmol/L, nyingine ng/dL. Ukitaka kulinganisha, zidisha ng/dL kwa 12.9. Yaani 1.2 ya maabara moja ni sawa na 15.5 hivi ya nyingine. Ukipewa T4 jumla badala ya T4 huru, kumbuka kwamba ujauzito na vidonge vya majira huipandisha bila tezi kubadilika.

TSH ndani ya kiwango na unajisikia vizuri: huhitaji kidonge, rudi mwezi wa 6.

TSH juu ya 10: anza. Hapa hakuna mjadala mrefu, nusu imeshindwa.

Kati ya 4 na 10 ndipo uamuzi ulipo, na hapa ndipo tunapoona watu wakikimbizwa kwenye vidonge mapema mno. Nusu iliyobaki bado inaweza kuwa inajipanga. TSH ya 6 kwenye wiki ya 8 huweza kushuka hadi 3.5 ifikapo mwezi wa 6 bila mtu kumeza chochote. Kama huna dalili, kingamwili hazipo na hutafuti ujauzito, rudia baada ya miezi 2 hadi 3. Kama dalili zipo na zinakusumbua, au kingamwili zipo, au namba inapanda kila unapopima, anza. Mzee wa miaka zaidi ya 70 mwenye TSH ya 6 anaweza kuwa na hali yake ya kawaida kabisa. Kumpa vidonge ni kuuhatarisha moyo wake bila faida.

Unayepanga kushika mimba, au uliyegundua umeshika, toka kwenye kundi la kusubiri. Pima TSH mara moja. Mtoto hutegemea homoni za mama miezi ya mwanzo, na mahitaji hupanda kwa robo hadi theluthi hivi. Anayemeza tayari huongezewa dozi 2 kwa wiki, yaani vidonge 9 badala ya 7, mara ujauzito unapothibitishwa, kisha hupima kila wiki 4 hadi nusu ya ujauzito. Mjulishe daktari siku hiyohiyo, usingoje hudhurio la kwanza la kliniki.

Siku ya kutoa damu, nenda kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo, ukimeze baadaye. Tumia maabara ileile kila mara kama inawezekana. Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache siku 2 au zaidi kabla, kwa sababu huharibu mashine inavyosoma: TSH inaweza kutoka ya chini na T4 ya juu wakati mwilini hakuna kilichobadilika.

Dozi

Mtu asiye na tezi kabisa huhitaji mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 ni karibu 100 kwa siku. Mwenye nusu inayofanya kazi kwa sehemu huhitaji pungufu ya hapo, mara nyingi 25 hadi 75. Mwenye ugonjwa wa moyo au umri mkubwa huanza na 12.5 au 25 na kupanda polepole. Dozi hubadilishwa kwa 12.5 hadi 25, kisha unasubiri wiki 6 hadi 8 ndipo upime tena. Kubadilisha kila wiki 2 ni kukimbiza kivuli.

Angalia boksi kwa makini. Linaweza kuandikwa 50 mcg, au 0.05 mg, ni kitu kimoja. 0.1 mg ni mikrogramu 100. Kosa la kumpa mtu wa 50 kidonge cha 100 hutokea dirishani kwa sababu ya nukta hiyo, hivyo soma kabla hujaondoka. Ukibadilishiwa kampuni ya dawa, endelea na dozi ileile lakini upime TSH baada ya wiki 6. Kidonge cha 50 kinaweza kukatwa nusu kupata 25 kama kina mstari katikati. Kikivunjika vumbi, hicho si nusu tena.

Ukisahau siku moja hakuna kinachoharibika, akiba ya T4 inakubeba. Ukikumbuka siku hiyohiyo na tumbo ni tupu, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho. Tatizo ni kusahau mara tatu kwa wiki kila wiki, kisha TSH ikipanda mtu anaongezewa dozi asiyoihitaji. Mwambie daktari ukweli wa idadi uliyomeza.

Vidonge vya T3 vipo, lakini si chaguo la kwanza kwa mwenye nusu. T3 huisha haraka, hupandisha na kushusha mapigo ya moyo ndani ya siku moja, na mwili wako tayari unaitengeneza kutokana na T4.

Asubuhi au usiku

Sharti ni tumbo tupu. Saa yenyewe ni nafasi yako. Kidonge hiki hufyonzwa vibaya kikikutana na chakula, kahawa, maziwa, soya, chuma au kalisi.

Asubuhi maana yake umeze kwa maji matupu, kisha ukae dakika 30 hadi 60 bila kitu kingine. Kwa anayeamka saa kumi na mbili na kunywa chai saa moja, ni rahisi. Kwa anayewahi daladala na kunywa chai ya maziwa na chapati dakika tano baada ya kumeza, dawa inapotea kila siku na TSH inapanda bila yeye kuelewa. Uji wa lishe uliochanganywa soya ni mbaya zaidi kuliko chai. Upeleke mbele masaa kadhaa, au ule kwa kiasi kilekile kila siku ili dozi ipangwe kuuzingatia.

Usiku maana yake umeze unapolala, masaa 3 au zaidi tangu ule. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa 2010 uliona TSH ikidhibitiwa vizuri zaidi kwa waliomeza usiku. Tafiti nyingine ziliona nyakati zote mbili ni sawa. Kwa anayekula saa moja jioni na kulala saa nne, ni bora sana. Kwa nyumba inayopakua ugali na sato saa tatu usiku na watu kulala saa nne, haifai.

Mjamzito mara nyingi hushinda kwa usiku au alfajiri, kwa sababu vidonge vya damu anavyopewa kliniki vina chuma, na chuma na levothairoksini vinatakiwa kutengana masaa 4. Ameze cha tezi alfajiri na cha damu baada ya chakula cha mchana. Vivyo hivyo kwa kalisi na dawa za kutafuna za kiungulia: masaa 4. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo hupunguza asidi na hivyo ufyonzwaji. Ukianza kuitumia kila siku, pima TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Anayeanza rifampisini ya kifua kikuu huhitaji dozi kubwa zaidi, kwa maana ini huiondoa homoni haraka. Mwambie daktari wa kifua kikuu kwamba unameza dawa ya tezi.

Mvuvi wa dagaa ana ratiba yake. Usiku wa giza yuko ziwani na taa, anarudi mwaloni asubuhi, analala, anaamka saa nane mchana. Hiyo saa nane ndiyo asubuhi yake: ameze akiamka, ale saa tisa. Mbalamwezi ikitoka na mitumbwi ikapumzika, anaweza kurudi kumeza alfajiri, mradi iwe kimoja kwa siku. Asikiweke kidonge ndani ya mtumbwi. Jua na maji humaliza nguvu ya dawa hii. Boksi husema 25 au 30 kuwa kiwango cha juu cha joto la kuhifadhi, na chini ya mabati saa saba hupita hapo. Kiache kwenye kifungashio chake, ndani ya mkebe wenye kifuniko, mahali pa chini penye kivuli, mbali na jiko.

Mfungaji wa Ramadhani ana nafasi mbili nzuri: nusu saa kabla ya daku, au wakati wa kulala ikiwa amemaliza kula masaa 3 kabla. Kumeza pamoja na futari ni kupoteza dawa.

Chumvi, udaga na samaki

Nusu iliyobaki inahitaji madini joto kutengeneza homoni, na samaki wa ziwani si chanzo cha kutegemea kama wa baharini. Tumia chumvi ya paketi iliyoandikwa madini joto, iweke kwenye chombo kinachofungwa, na uitie chakula kikikaribia kuiva ili isipotee kwa mvuke. Chumvi ya kupimiwa isiyo na lebo usiitegemee. Udaga ulioloweshwa na kukaushwa vizuri hauna tatizo kwa anayepata madini joto. Muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa ndio unaoisumbua tezi, na zaidi pale madini joto yanapokosekana. Matone ya madini joto au mwani wa vidonge usitumie: yakizidi, yanaweza kuizima nusu uliyonayo.

Anayeishi mbali

Tumesikia hoja kwamba mtu wa visiwa vya Ukara au Kome aanzishiwe vidonge moja kwa moja, kwa sababu hatarudi kupima. Hatukubaliani nayo. Mtu asiyeweza kurudi kupima TSH mara moja hataweza kuipima akiwa na vidonge pia, na vidonge bila kipimo ni hatari kuliko nusu yenye afya bila vidonge. Anayo nafasi ya siku 14 kati ya wiki ya 6 na ya 8; aipange pamoja na safari nyingine ya mjini. Aulize hospitali ya wilaya yake kama wanachukua damu na kuisafirisha, kabla ya kulipa nauli hadi Bugando au Sekou Toure. Kama ameshaanza vidonge, asiondoke na vya mwezi mmoja ilhali kivuko na hali ya ziwa vinaweza kumchelewesha. Aombe vya miezi 3.

Tatu ni hali za kurudi bila kusubiri tarehe. Shingo ikivimba ghafla na pumzi ikabana, hasa siku 2 za kwanza, ni dharura ya dakika hizo. Moyo ukidunda bila mpangilio au kifua kikauma kwa anayemeza vidonge, nenda siku hiyo. Na mtu wa tezi akianza kulala kupita kiasi, akapoa mwili, akachanganyikiwa, msimwache aendelee kulala, mpelekeni hospitali.

Kwenda kupima, beba karatasi tatu: ya upasuaji inayoonyesha upande uliotolewa, majibu ya kinyama, na TSH ya kabla ya upasuaji. Zipige picha na uzitunze kwenye simu ya mtu wa pili nyumbani, maana simu iliyoanguka ziwani huenda na historia yote ya shingo yako.